Waya wa Wauaji

Sikumpenda. Nalisema hili mapema ili mtu asije akafika katikati akaniambia nina kinyongo. Ninacho. Nimekaa nacho miaka mingi na hakijanizuia kula wala kulala, lakini kila nisikiapo injini ndogo ikikohoa mahali, mtu wa kwanza kunijia kichwani ni yule fundi wa Kariakoo, na najikuta nimekunja uso.

Tulimwita Fundi tu. Kariakoo imejaa mafundi wa saa, wa redio, wa viatu na wa cherehani, lakini ukimwambia mtu wa Upanga mwenye bustani kwamba mashine yake ya kukatia majani umeipeleka kwa Fundi, hakuuliza yupi. Karakana yake ilikuwa kibaraza na chumba kimoja cha nyumba ya zamani ya bati, kati ya duka la mabomba na duka la magodoro. Mikokoteni ilipita mbele yake kutwa, naye aliwatukana wenye mikokoteni kutwa. Alikuwa mfupi, mwenye vidole vinene vilivyoweza kuokota skrubu ambayo mimi hata kuiona siioni. Nguo zake zilikuwa oili tupu, ila kofia yake ya kiua ilikuwa nyeupe siku zote, na sijui aliwezaje.

Ukifika na mashine iliyozima hakukuuliza ina nini. Ulimwamkia, "Shikamoo, Fundi," naye akajibu, "Marahaba. Umeua tena?" Hiyo ndiyo ilikuwa karibu yake. Msemo wake mkubwa, alioutoa mara kumi kwa siku, ulikuwa huu: "Mashine haifi, inauawa." Kwake hakukuwa na ajali wala uchakavu. Kila kifaa kilichovunjika kilikuwa na mwenye kosa, na mwenye kosa alikuwa amesimama mbele yake na kiroba mkononi.

Na hakuishia kusema. Juu ya meza yake ya kazi palikuwa na waya uliovutwa kutoka ukuta hadi ukuta, na kwenye waya huo alitundika maiti. Pistoni zilizokwaruzwa, plagi zilizoyeyuka, visu vilivyogongwa kwenye mawe, vyote vilining'inia pale, kila kimoja na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa wino mzito jina la mteja na kosa lake. Wateja waliuita waya wa wauaji. Walicheka wakisoma majina ya wenzao, halafu wakatazama pembeni wakiona la kwao.

Ilikuwa miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa na kila kitu kikawa ruksa. Makontena yalitoka bandarini na vitu vya mitumba ambavyo hatukuwahi kuviona, na watu wengi tuliokuwa tumezoea mshahara wa serikali tulijikuta tumepunguzwa kazini tukiwa bado na nguvu zetu. Mimi nilikuwa mtunza stoo katika shirika moja la umma. Nilipopewa kiinua mgongo niliangalia huku na huku, nikaona Upanga ina majani na wakataji wake wote wana mafyekeo. Nikanunua mashine ya petroli iliyotoka kwenye kontena, nyekundu, ya kusukuma, na nikapata kazi ya kukata majani katika uwanja wa maghorofa matatu yenye kamati yao na mwenyekiti wao. Fundi aliposikia kisa changu akanipa jina. Aliniita Mstaafu, nami sikuwa nimefika hata miaka arobaini.

Sasa mashine yangu, kama nyingi za wakati ule, ilikuwa na injini ile isiyo na mahali pake pa oili. Oili unaichanganya na petroli kabla ya kumimina kwenye tangi. Ikizidi, mashine inatoa moshi na plagi inaziba. Ikipungua, vyuma vinasagana. Isipokuwepo kabisa, huna mashine. Kipimo sahihi kilikuwa jambo dogo ambalo mtu yeyote mwungwana angekwambia bila kukaa chini. Fundi hakumwambia mtu. Alichanganya mwenyewe, ndani, kaniki ikiwa imeteremshwa mlangoni, akatoka na chupa za soda zilizozibwa kwa vipande vya mfuko, na wewe ulirudi kila wiki kununua chupa. Niliwahi kumuuliza.

"Fundi, oili kiasi gani kwa lita?"

"Ya kutosha."

"Ndiyo, lakini kiasi gani?"

"Mstaafu, kipimo kiko puani. Una pua wewe?"

Waliokuwepo wakacheka. Lakini ilikuwa kweli kwamba alinusa. Alichovya kidole, akasugua kwa kidole gumba, akanusa, akaongeza tone, akanusa tena. Watu walisema hajawahi kukosea, na mimi pia nilisema hivyo kwa watu wengine, Mungu anisamehe.

Roho yake ilikuwa hivyo hivyo katika mambo yote. Jirani yake wa duka la mabomba aliwahi kununua shehena ya mashine za umeme za kukatia majani, za rangi ya chungwa, nyepesi, zinazopendeza macho. Fundi alisaidia kuzishusha kwenye lori kwa mkono wake mwenyewe. Siku ya kuzifungua, jirani aliita watu, akachomeka ya kwanza kwenye umeme. Ikapiga kelele moja kali, ikatoa moshi, ikanyamaza. Akachomeka ya pili, nayo vilevile. Fundi alikuwa kibarazani na kikombe chake cha kahawa chungu.

"Hizo zinataka umeme nusu ya wetu," akasema. "Imeandikwa ubavuni."

Jirani akageuka. "Ulijua?"

"Tangu juzi."

"Mbona hukuniambia, ndugu yangu?"

"Hukuniuliza."

Akamalizia kahawa yake. Yule jirani alikaa mwezi mzima akitafuta transfoma za kuziokoa mashine zake, na hata walipopatana tena hakusahau. Nilikuwepo. Nilicheka na wengine, nikidhani kwamba mtu wa namna hiyo anawafanyia wengine tu.

Mashine za umeme alizidharau zote, hata zile zilizotaka umeme wetu huu huu. Aliziita mbuzi. Mtu akimletea moja alimwimbia kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, akamwonyesha ule waya mrefu na kumuuliza kama amekuja kutengeneza au kuchinja. Alizipokea lakini aliziweka chini sakafuni, na hakuna hata moja iliyowahi kupata heshima ya kutundikwa kwenye waya. Kifo cha mashine ya umeme kwake hakikuwa kifo.

Na bado, ukitaka kumchukia sawasawa alikuharibia. Adhana ikianza tu alizima injini yoyote aliyokuwa akiijaribu, hata kama mteja ana haraka namna gani, akakaa kimya mikono magotini. Ikiisha aliwasha tena na kuendelea na tusi pale pale alipoliachia. Na mtu huyu aliyewatesa watu wenye bustani hakuwahi kuwa na jani la kukata maisha yake yote. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na ua wa saruji, na juu ya saruji kopo moja la mrehani, ambalo alilipogoa mwenyewe kwa mkasi wa kucha. Niliwahi kumkuta akifanya hivyo. Aliniangalia kama mwizi aliyeingia chooni.

Jambo jingine linaloniudhi ni kwamba alichokuambia, pale alipokuambia, kilikuwa sahihi. Alikitoa kama tusi lakini kilikuwa sahihi. "Wewe unalaza mashine na petroli tumboni? Na wewe unalala umeshika tonge mdomoni?" Maana yake ni kwamba ukimaliza kazi funga petroli, acha injini inywe iliyobaki mpaka izime yenyewe, kwa kuwa petroli ikikaa kwenye kabureta inageuka gundi. Chujio la hewa alitaka lioshwe kwa sabuni ya mche na likaushwe kivulini. Kisu alitaka kinolewe pande zote mbili sawa, la sivyo mashine inatetemeka mpaka inajifungua nati. Hayo yote nayafanya mpaka leo. Kila ninapoyafanya naisikia sauti yake.

Nije kwenye pistoni yangu.

Ilikuwa wiki ya harusi katika yale maghorofa. Mwenyekiti wa kamati, mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, mtu mpole asiyependa maneno, alikuwa akimwoza binti yake, na viti vingepangwa uwanjani Jumamosi. Alhamisi asubuhi nilipita kwa Fundi, nikanunua chupa, nikamimina, nikaanza kukata. Nilikuwa nimefika nusu ya uwanja injini ilipobadilisha sauti. Ililia juu, kama chuma kinachokwanguliwa, kisha ikasimama ghafla hata mikono yangu ikaruka kwenye mpini. Nilivuta kamba. Kamba haikuvutika. Nikakaa chini kwenye majani, nusu ya uwanja umekatwa na nusu umesimama kama kichwa cha mtu aliyekimbia kinyozi.

Niliibeba kwa mkokoteni hadi Kariakoo. Fundi akaifungua, akatoa pistoni, na ilikuwa imekwaruzwa kutoka juu hadi chini. Hakunitazama. Alichukua kipande cha boksi, akaandika jina langu halisi, MSAFIRI, na kosa langu, PETROLI KAVU, yaani isiyo na oili, akaifunga pistoni yangu, akaitundika.

"Fundi, nimetumia chupa yako," nikasema.

"Chupa zangu zina oili."

Nilikuwa na petroli iliyobaki. Nilikuwa nimeikinga kutoka kwenye tangi na kuirudisha kwenye chupa ile ile, kwa sababu tayari moyo ulishaniambia. Nikaomba karatasi kwa muuza magodoro, nikadondosha tone moja mbele ya watu wote. Yeyote anayejua kazi hii anajua kwamba petroli ikiruka, oili hubaki na kuacha alama ya mafuta kwenye karatasi. Tulisubiri. Tone likakauka, karatasi ikabaki safi kama ilivyotoka dukani. Hapakuwa na hata dalili ya oili. Nikaiinua ili kila mtu aione.

Fundi aliitazama ile karatasi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akasema, "Chupa ni yangu. Petroli ni yako. Ulimwaga nzuri ukajaza kavu, Mstaafu, ubane matumizi."

Wakacheka. Watu wale wale walioona karatasi kwa macho yao walicheka, maana ilikuwa rahisi kuamini kwamba mtunza stoo aliyepunguzwa kazi amebana matumizi kuliko kuamini kwamba pua ile imekosea. Nilimwambia naapa. Akaniambia nikaapie msikitini, pale ni karakana.

Kumaliza uwanja nilitumia fyekeo, Ijumaa mchana kutwa, na viganja vikatoka malengelenge. Harusi ikapita. Wiki mbili baadaye mwenyekiti alikwenda Kariakoo kunolewa mkasi wake wa maua, akasimama mbele ya ule waya kama kila mtu. Aliporudi aliniita pembeni.

"Bwana Msafiri, mimi sina neno na wewe," akasema. "Lakini nimeona jina lako kule. Mtu anayebana kwenye mashine yake mwenyewe, sisi tutamwaminije na uwanja wetu?"

Nilimweleza habari ya karatasi. Alinisikiliza kwa adabu, na kwa adabu hiyo hiyo akampa kazi mtu mwingine. Nilipoteza majumba mengine mawili kwa sababu hiyo hiyo. Upanga watu hupita kwa Fundi, na Fundi hakuwahi kuitoa ile pistoni. Miezi ilipita, mwaka ukapita, nyingine zilitundikwa na kutunguliwa, yangu ikabaki pale. Sikutaka fidia. Nilitaka jina langu lishuke kwenye ule waya, na aliyelitundika aseme mbele ya watu kwamba alikosea. Hilo tu. Sijawahi kutaka kitu kwa muda mrefu namna ile.

Kwa hasira nikahamia umeme. Familia moja iliyokuwa ikihamia ng'ambo iliniuzia mashine yao, ndogo, kimya, isiyo na moshi wala oili wala plagi wala Fundi. Niliipitisha makusudi mbele ya kibaraza chake, ingawa njia yangu haikuwa ile. Akainua macho. "Umenunua mbuzi," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Nakiri kwamba niliipenda ile mashine. Iliwaka kwa kubonyeza tu. Nilijifunza mwenyewe kuukagua waya wake kila asubuhi kwa vidole, inchi kwa inchi, kutafuta mahali ulipochubuka, na kuupitisha begani ili ubaki nyuma yangu na usije ukaingia kwenye kisu. Nilijifunza kutokata majani yenye umande. Mwenye nyumba mmoja alinisifu kwamba mtoto wake amelala usingizi wakati nakata. Halafu ukaja mgao wa umeme. Nilikuwa nafika kwa mtu na mashine yangu chini ya kwapa, nakuta nyumba iko gizani, nakaa kwenye ngazi kusubiri kama mgonjwa wa zamu. Kuna siku nilisubiri tangu saa tatu hadi saa tisa alasiri, nikaondoka, umeme ukarudi nikiwa kona ya pili. Nilimlaani Fundi hata kwa hilo, ingawa hakuwa na swichi ya nchi mkononi.

Mwishowe nikapata mashine ya petroli ya aina nyingine, ile ambayo oili ina tundu lake na petroli ina tundu lake. Sikuhitaji tena kipimo cha mtu wala pua ya mtu. Ile ya umeme niliiweka kwa ajili ya nyumba zenye wagonjwa na watoto. Nikaanza kupata kazi, kidogo kidogo, kwa watu wapya ambao hawakujua Kariakoo. Kwa Fundi sikupita tena. Nilizunguka mtaa mzima ili nisiuone ule waya, na wakati mwingine nilituma mtu akaangalie kama pistoni yangu bado ipo. Ilikuwepo.

Kisha nyumba ile ya bati ikauzwa, ikabomolewa, likapanda ghorofa la maduka ya simu na mabegi. Sikupata kujua alihamia wapi. Wala sikujua maiti zake zilikwenda wapi, pengine kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Nilimwona mara ya mwisho Upanga, asubuhi, nikisimamia vijana wangu watatu katika uwanja wa nyumba moja iliyo karibu na hospitali. Mzee mwenye fimbo alisimama getini, kofia nyeupe, akasikiliza.

"Msafiri," akasema, "mashine yako ile ya kushoto chujio limeziba. Inakosa hewa."

Ilikuwa kweli. Sikumwambia kuwa ni kweli. Nilimwamkia kwa sababu mama yangu alinilea, akaitika, akaomba kukaa. Alikuwa ametoka kliniki ya mguu. Nikampa ndoo akaigeuza, akakaa juu yake. Hakuzungusha maneno.

"Wiki ile ya pistoni yako," akasema, "mke wangu alinikuta nimekaa kando ya jiko, wali unaungua, akaniuliza kama nimelala. Sikuwa nimelala. Sikusikia harufu. Nilikuwa sisikii harufu yoyote, Msafiri, wala ya petroli, wala ya mrehani. Nilijua tangu mwanzo wa wiki. Nikaendelea kuchanganya hivyo hivyo kwa mazoea, na chupa yako sikuitia kitu."

"Ulijua ulipoiona karatasi."

"Nilijua ulipoingia na mkokoteni." Alitazama mikono yake. "Baada yako nilianza kupima kwa chupa ya maziwa ya mtoto, kule nyuma ya kaniki. Wangejua, ningekula wapi?"

"Na mimi nilikula wapi?"

 Nilikuwa nimesubiri maneno yake hayo kwa miaka, na yalipokuja nilikasirika kuliko siku ile ya kwanza. Nikamwambia hayo aliyoninong'oneza juu ya ndoo hayanisaidii. Alinitangaza mbele za watu, akaseme mbele za watu, kule kule.

"Kule hakupo," akasema. "Unajua."

"Basi hapa."

Nikawaita vijana wazime mashine. Wakaja wakijifuta jasho. Fundi akasimama kwa shida, akashika fimbo kwa mikono miwili, akasema kwa sauti yake ile ya kibarazani: "Pistoni ya huyu ilikufa kwa kosa langu. Nilimuuzia petroli kavu, nikamwandika yeye kuwa muuaji. Hakuua. Mimi ndiye niliyeua."

Vijana walimtazama, wakanitazama. Hawakujua pistoni gani, wala waya gani. Walikuwa wadogo wakati ule. Shaibu, mkubwa wao, akasema kwa heshima, "Sawa mzee, tumesikia," na wengine wakatikisa vichwa, wakangoja kuambiwa kama waendelee kukata.

"Umeridhika?" Fundi akaniuliza.

"Hapana."

"Hata mimi," akasema, akaanza kutembea kuelekea getini.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa ameshafariki, na wale waliocheka kibarazani sikujua hata mmoja yuko wapi. Nilimwangalia akiburuta ule mguu, nikahesabu ni nani mwingine duniani anayejua kwamba sikubana matumizi, na hesabu yangu ikaishia kwenye mgongo wake.

"Bosi, yule ni nani kwako?" Shaibu akauliza.

Nikamwambia ni adui yangu. Kisha nikamwambia akimbie akamwitie bajaji, jua lilikuwa kali na kituo kiko mbali. Nauli, nikasema, ajilipie mwenyewe.